UCHANGANUZI: Bila gita darasani, mkondo wa Sanaa utabaki wa wachache

WANAFUNZI wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) walipoingia Gredi ya 10 Januari 2026, walikuwa tayari wametakiwa kuchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985, muziki haukuwahi kupewa nafasi kama hiyo. Leo, angalau kwenye karatasi, ni sehemu ya njia kamili ya masomo iliyo sawa kwa hadhi na fizikia au historia, wala si kitu cha kupitishia muda alasiri ya Ijumaa baada ya masomo “ya maana” kukamilika.

Hata hivyo, kuna swali ambalo wakuu wa elimu hawajalipatia jibu la kuridhisha. Je, mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kushika ala yoyote ya muziki, sembuse kuipiga, atauchaguaje mkondo huo?

Swali hilo halihusu Sekondari Pevu pekee, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Kiini chake kiko chini kidogo, katika Gredi za 7, 8 na 9, ambako mtoto hugundua anachokiweza na anachokipenda. Asipoigundua sanaa katika miaka hiyo mitatu, fomu ya kuchagua mkondo itamfikia akiwa hana cha kuchagua.

Jibu lenyewe huenda likawa dogo kuliko wengi wanavyodhani. Ni kodi tatu za gita. Hizi si zile kodi zinazotozwa na KRA, bali ni zile sauti tatu au zaidi ambazo mpigaji huzitoa kwa pamoja zikapatana, na ambazo ndizo msingi wa takriban kila wimbo unaosikika redioni, kanisani na kwenye matatu.

Somo lililosahauliwa

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni sharti turudi nyuma. Katika miaka ya mwanzo ya 8-4-4, muziki ulifundishwa katika shule za msingi na kutahiniwa katika mtihani wa KCPE pamoja na sanaa na kazi za mikono. Mzigo wa masomo ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yaliachwa nje ya mtihani.

Yaliendelea kuwepo kwenye ratiba, lakini kila mzazi na kila mwalimu mkuu alijua maana yake. Katika nchi ambako shule hupimwa kwa alama, somo lisilotahiniwa ni somo lililokufa. Vipindi vya muziki viligeuzwa kuwa vya marudio ya hisabati, na kinanda, pale kilipokuwepo, kikafungiwa stoo.

Hasara kubwa zaidi haikuonekana mara moja. Watoto waliokosa muziki katika miaka hiyo ndio walimu vijana wa leo. Mwalimu huyo sasa anatakiwa kufundisha kitu ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa.

Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023, Sanaa za Maonyesho lilikuwa somo la hiari. Baada ya jopo la kutathmini mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kuwasilisha mapendekezo yake mwaka 2023, masomo ya Sekondari ya Msingi yalipunguzwa hadi 9 kuanzia mwaka 2024. Muziki, uchoraji, maigizo, ngoma na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja la lazima, Sanaa Bunifu na Michezo, lililotengewa vipindi 5 kwa wiki.

Uamuzi huo una sura mbili. Sura nzuri ni kwamba sasa kila mtoto, apende asipende, anapitia muziki. Sura mbaya ni kwamba muziki unagawana vipindi hivyo na mpira wa wavu, brashi ya rangi na jukwaa la maigizo, na aghalabu mwalimu ni mmoja. Aliyesomea riadha anajikuta akichora mistari mitano ya noti ubaoni, na aliyesomea uchoraji anajikuta uwanjani akiwa na kipenga mdomoni.

Matokeo yake hayashangazi. Palipo na mwalimu asiyejiamini, muziki hugeuka kuwa maandishi. Wanafunzi hunakili majina ya noti, huchora ala za kiasili na kuzipaka rangi, kisha hujibu maswali kuhusu sauti ambazo hawajawahi kuzisikia. Ni sawa na kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumpa mchoro wa mto.

Kwa nini gita?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini iwe gita wala si kinanda, ngoma au rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo watoto wengi wameizoea tangu Gredi za chini.

Rekoda ni ala nzuri na ya bei rahisi, lakini ina mipaka miwili. Hutoa sauti moja moja, hivyo haimfundishi mtoto jinsi sauti zinavyopatana. Pili, mdomo ulioshika rekoda hauwezi kuimba. Kinanda cha umeme hutoa sauti nyingi, ila huhitaji umeme, na zipo shule ambazo stima hupotea kwa siku kadhaa. Gita halihitaji umeme, hubebeka begani, na humruhusu mtoto aimbe huku akijisindikiza.

Isitoshe, gita si mgeni humu nchini. Fundi Konde kutoka Pwani, aliyetumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alikuwa miongoni mwa waliolipa umaarufu katika nyimbo za Kiswahili. Mwanamuziki wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alifika Nairobi mwishoni mwa muongo huo, na mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ukawavutia vijana wengi wa Kenya.

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliukuza mtindo wa omutibo, ambapo gita moja kavu lilisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa au kukwaruzwa kwa kijiti. Nyanza, wapigaji wa benga walihamishia kwenye gita mdundo na mdonoo wa nyatiti, na D.O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, akaufikisha mtindo huo mbali. Joseph Kamaru na Kakai Kilonzo walidhihirisha kwamba gita hilo hilo laweza kuzungumza Kikuyu na Kikamba bila ya kubadilisha hata uzi mmoja.

Sehemu kubwa ya urithi huo ilipokezwa nje ya darasa, mdogo akimtazama mkubwa. Leo wazee hao wanazidi kupungua, na kijana wa mjini hana tena kibaraza cha kuketi akatazama. Ikiwa shule haitaipokea kazi hiyo, haijulikani ni nani atakayeipokea.

Kidole kimoja, kodi mbili

Kinachowatisha walimu wengi ni dhana kwamba gita ni ala ngumu inayodai miaka mingi. Kulimudu kikamilifu kunadai miaka mingi, naam. Kuanza hakudai.

Gita la kawaida lina nyuzi 6, na shingo yake imekatizwa na vyuma vidogo viitwavyo freti. Nyuzi zikiwa zimerekebishwa ipasavyo, uzi wa tatu ukipigwa mtupu hutoa sauti ya G, wa pili B, na wa kwanza, ambao ndio mwembamba zaidi na ulio karibu na sakafu, hutoa E.

Mwanafunzi akiubonyeza uzi wa pili nyuma tu ya freti ya kwanza kwa kidole cha shahada, kisha akacharaza nyuzi hizo tatu pekee, tayari amepiga kodi ya C. Akikihamisha kidole hicho hadi uzi wa kwanza, katika freti ile ile, amepiga kodi ya G7 kwa umbo lake jepesi. Kwa kidole kimoja na hatua moja amepata kodi mbili.

Kwa kodi hizo mbili, darasa zima linaweza kusindikiza nyimbo nyingi fupi za watoto na za kuitikiana ambazo tayari wanazijua kwa moyo. Hili ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Mtoto anayemaliza kipindi cha kwanza akiwa amesindikiza wimbo, hata kwa kukwaruza, hurudi kipindi cha pili akikimbia. Yule anayemaliza kipindi akiwa amenakili tu majina ya sehemu za gita hurudi akiburura miguu.

Baada ya hapo hatua hufuatana. Em kamili huhitaji vidole viwili tu, vyote katika freti ya pili. Kutoka Am hadi C kamili, vidole viwili hubaki mahali pake na kimoja tu ndicho kinachohama. Kisha huja D na G. Mtoto anayezimudu G, C na D ana msingi wa nyimbo chungu nzima za injili na za “zilizopendwa”, kwa kuwa nyingi zake zimejengwa juu ya uhusiano huo huo wa kodi tatu, hata kama mwimbaji amepanda au kushuka kwa sauti. Kifaa kidogo cha kubana shingo ya gita, kiitwacho kapo, humwezesha mtoto kumfuata mwimbaji huyo bila kujifunza maumbo mapya.

Makosa makuu ya wanaoanza kufundisha ni mawili. La kwanza ni kuharakia kodi ya F katika umbo lake kamili, ambapo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita. Kidole cha mtoto wa miaka 12 hakina nguvu hiyo, na hapo ndipo wengi huliweka gita chini wasilishike tena. F inaweza kungoja muhula mwingine.

La pili ni kuushughulikia mno mkono wa kushoto na kuusahau wa kulia. Mtoto husimama katikati ya wimbo akitafuta mahali pa kuweka kidole, na wimbo hufa. Kanuni ya walimu wazoefu ni kwamba mkono unaocharaza usisimame kamwe. Ni afadhali kodi iwe na kasoro lakini mapigo manne yaendelee, kuliko kodi iwe safi huku waimbaji wakingoja. Zoezi rahisi ni kuhesabu ni mara ngapi mtoto anaweza kubadilisha kutoka kodi moja hadi nyingine katika dakika moja, kisha kumtaka aivunje rekodi yake mwenyewe juma linalofuata.

Yapo pia mambo madogo yanayoamua mengi. Vidole vitauma majuma machache ya mwanzo, na mtoto aambiwe mapema ili asidhani kwamba ana kasoro. Nyuzi za nailoni huumiza kidogo kuliko za chuma, ila gita lililoundwa kwa nailoni lisifungwe nyuzi za chuma, kwa kuwa mvuto wake waweza kung'oa daraja la kufungia nyuzi. Gita lisiachwe juani wala karibu na paa la bati. Na lirekebishwe kabla ya kila kipindi, kazi ambayo programu za bure za simu huwasaidia hata walimu wasio na sikio la muziki.

Hesabu ya pesa

Pingamizi la kwanza litakuwa la fedha, na si pingamizi la kubezwa. Kuna shule ambazo watoto wa Sekondari ya Msingi bado hawana maabara, na vyoo havitoshi. Katika mazingira hayo, kuzungumzia gita kunaweza kusikika kama kumnunulia mwenye njaa maua.

Lakini hesabu yenyewe yafaa ifanywe kabla ya kukataliwa. Serikali imetenga Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa Sekondari ya Msingi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 150 katika Gredi hizo tatu inastahili kupata Sh2,256,300. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba gita moja la mwanafunzi linanunuliwa kwa Sh10,000. Magita 10 yatagharimu Sh100,000, na yakitunzwa yadumu miaka mitano, gharama yake kwa mwaka ni Sh20,000. Hiyo haifiki hata asilimia moja ya mgao huo.

Ni kweli kwamba mgao umegawanywa kwa matumizi maalumu, na walimu wakuu wamelalamika mara kwa mara kuwa fedha hizo huchelewa. Ni kweli pia kwamba nyuzi hukatika na zinahitaji bajeti yake. Hata hivyo, shule tatu jirani zinaweza kumiliki seti moja ya magita inayozunguka, kila shule ikikaa nayo muhula mmoja. Mchagua jembe si mkulima.

Pingamizi la pili ni la msongamano. Magita 10 yatawatoshaje watoto 50?

Hapa ndipo urithi wa omutibo unapokuja na jibu ambalo halimo katika vitabu vya kigeni. Darasa la watoto 50 hugawanywa katika makundi 10 ya watoto watano. Katika kila kundi, wa kwanza anapiga gita. Wa pili anazoeza vidole kwenye kipande cha mbao kilichochorwa nyuzi na freti. Wa tatu anagonga chupa kwa kijiti akishikilia mapigo. Wa nne na wa tano wanaimba na kupiga makofi. Baada ya dakika chache, wanabadilishana.

Mpango huo si wa kubahatisha. Chupa ilikuwa ala halisi katika mikono ya wapigaji wa Magharibi, na aliyeigonga alikuwa mwanamuziki kamili. Darasani, mtoto anayegonga chupa leo ndiye atakayecharaza bila kupoteza mapigo kesho. Katika mpangilio huo hakuna mtoto anayekaa bure, na umaskini wa vifaa unageuzwa kuwa njia ya kufundishia.

Kwingineko, kufundisha ala kwa makundi kumejaribiwa na kuzaa matunda. Nchini Marekani, shirika lililoanzishwa na mwalimu David Wish kwa jina Little Kids Rock, ambalo tangu mwaka 2022 linaitwa Music Will, limejenga kazi yake katika shule za umma juu ya wazo hili la kumpa mtoto kodi chache na wimbo anaoupenda kabla ya kumpa noti. Hapa nyumbani, mradi wa Ghetto Classics mtaani Korogocho, Nairobi, umeonyesha kwa zaidi ya mwongo mmoja kwamba watoto wa mitaa ya mabanda wanaweza kuzimudu hata ala za okestra pale wanapopata mwalimu na mahali pa kufanyia mazoezi.

Kodi au mdonoo?

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, na hutoka kwa wapenzi wa muziki wenyewe. Wanahoji kwamba kufundisha kodi za kucharaza ni kupandikiza mtindo wa kigeni. Gita la benga halicharazwi hivyo. Huzungumza kwa mistari ya sauti inayokimbizana, likimjibu mwimbaji. Wanahofia kwamba shule zitazalisha wasindikizaji wa mapambio, huku benga, omutibo na mitindo mingine ikizikwa na wazee wake. Wengine huuliza kwa nini fedha hizo zisinunue nyatiti, litungu au obokano.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtaala ambao ungemfikisha mtoto kwenye G, C na D kisha ukamwacha hapo, ungekuwa umemfikisha mlangoni na kumfungia nje.

Lakini kodi na mdonoo si maadui. Mpigaji wa mtindo wa Mwenda au Mukabi huyashika maumbo yale yale ya kodi kwa mkono wa kushoto. Tofauti ni kwamba badala ya kuzipiga sauti zote kwa pamoja, huzitoa moja baada ya nyingine, kidole gumba kikitembeza besi na cha shahada kikiimba juu yake. Mdonoo ni kodi iliyokunjuliwa. Mtoto aliyekwisha kuzoea umbo la C katika Gredi ya 7 anaweza kufundishwa kulikunjua katika Gredi ya 8, na ikifika Gredi ya 9 awe na mstari mmoja wa gita wa eneo lake anaoweza kuupiga na kueleza ulikotoka.

Kuhusu ala za kiasili, hakuna ulazima wa kuchagua kimoja na kutupa kingine. Shule ya Siaya yenye fundi wa nyatiti jirani ingekuwa imekosa busara kumpuuza. Na mtoto aliyeisikia nyatiti kwanza ndiye atakayeelewa gita la benga linasema nini.

Mwalimu kwanza

Hakuna kati ya haya litakalowezekana bila mwalimu. Hata hivyo, kodi tatu hazihitaji shahada ya muziki. Mwalimu yeyote aliye tayari kuumwa na vidole kwa majuma machache anaweza kuzijua katika likizo moja, akawa hatua kadhaa mbele ya wanafunzi wake. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) imekuwa ikiandaa mafunzo ya likizo kwa walimu wa CBC. Siku tatu za gita katika ratiba hiyo zingefanya zaidi ya vitabu kumi vya nadharia.

CBC pia inasisitiza kushirikishwa kwa wazazi na jamii. Karibu kila tarafa ina mpigaji gita wa kanisa, mwanabendi aliyestaafu au mzee wa omutibo. Kumwalika mara moja kwa wiki, mwalimu wa darasa akiwepo muda wote kwa usalama wa watoto, kungekuwa hatua ya gharama ndogo. Na magita yasifungiwe kabatini kati ya kipindi kimoja na kingine, kwa kuwa dakika kumi za kila siku wakati wa mapumziko hujenga vidole kuliko saa nzima ya mara moja kwa wiki.

Tamasha la Muziki nchini, ambalo mizizi yake ni ya miaka ya 1920, nalo lina nafasi yake. Shule hufundisha kwa bidii kile kinachoshindaniwa. Likitengwa shindano la makundi ya Sekondari ya Msingi yenye gita moja, chupa na sauti za watoto, walimu wakuu wengi watagundua ghafla kwamba fedha zilikuwepo.

Kilichomo hatarini

Wazazi nao wana wasiwasi wao. Wameona wanamuziki waliosifiwa kote nchini wakizeeka katika ufukara, na wamesikia mivutano ya miaka mingi kuhusu mirabaha. Mzazi anayemwambia mwanawe aachane na gita hana roho mbaya, ana kumbukumbu.

Ila si kila anayejifunza kodi atakuwa mwanamuziki, kama vile si kila anayesoma kuhusu moyo wa binadamu atakuwa daktari. Anachokipata mtoto ni stadi ya kusikiliza, kushika zamu, na kufanya zoezi gumu kila siku hadi liwe jepesi. Kwa wachache wenye kipaji, ni mlango wa kazi: ualimu, studio za kurekodia, hoteli za Pwani, kwaya na bendi.

Na hao wachache ndio hoja kuu. Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ulipopangwa, ilikadiriwa kwamba takriban asilimia 15 ya wanafunzi wangeufuata. Si kila shule ya Sekondari Pevu inayoutoa, kwa kuwa zipo zenye mikondo miwili tu. Ushindani wa nafasi utawapendelea wenye kitu cha kuonyesha.

Katika shule za kibinafsi za mijini, kuna vyumba vya muziki na walimu wa kila ala. Mtoto wa huko atafika Gredi ya 10 akiwa na miaka kadhaa ya mazoezi. Mwenzake wa shule ya umma ya Turkana, Kwale au Kuria atafika akiwa na daftari la michoro. Wote wawili watakuwa wameufuata mtaala mmoja, na wote watakuwa wameambiwa kwamba walikuwa huru kuchagua.

Hivyo ndivyo mkondo uliokusudiwa kuokoa vipaji vya watoto maskini unavyoweza kugeuka, bila yeyote kukusudia, kuwa mkondo wa watoto wa matajiri. Haitahitaji sheria wala ubaguzi wa wazi. Itatosha kuacha mambo yalivyo.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto aliye Gredi ya 7 leo atajaza fomu ya mkondo kabla ya miaka mitatu kuisha. Wizara ya Elimu, TSC na kaunti zinaweza kuitumia miaka hiyo kujadili sera mpya, au zinaweza kuanza na magita kumi na wimbo mmoja wa kodi mbili.